Onyo la Miaka Ishirini na Mitano

Watu huhakiki riwaya, tamthiliya na diwani za mashairi. Sijapata kuona mtu akihakiki kompaila, na nadhani sababu yake ni kwamba wengi hawajui kuwa kitu hicho kipo. Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya binadamu, yaliyoandikwa kwa lugha ya kuiamuru kompyuta kama vile C, na kuyageuza yawe programu kamili inayoweza kufanya kazi. Haina picha wala rangi za kupendeza. Unaiita kwa kuandika jina lake katika dirisha jeusi, mstari mmoja tu wa amri, nayo ama hufanya kazi kimya kimya ama hukulaumu.

Ninayoitumia mimi inaitwa GCC. Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1987, ikiwa sehemu ya mradi wa GNU alioutangaza mwaka 1983, na kwa leseni yake mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ndani, kuibadili na kumpa mwenzake. Kwa miaka ya karibuni toleo jipya kubwa limekuwa likitoka kila mwaka, Aprili au Mei. Matoleo mawili, la 14 la mwaka 2024 na la 15 la mwaka 2025, yameingia nyumbani kwangu Mbagala na kunifundisha adabu. Ndiyo maana nayaandikia.

Habari yenyewe inaanza na rafiki yangu mmoja, sasa marehemu. Riziki yake ilitokana na kutengeneza redio, lakini mapenzi yake yalikuwa katika kuandika programu. Kizazi chetu kilichelewa katika mambo haya. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na tulipokuja kuzigusa kwa mikono yetu tulikuwa watu wazima wenye watoto. Yeye alijifunza C kwa kitabu kisicho na jalada alichokipata kwa wauza vitabu vya mitumba mjini. Mwaka 2003 akaandikia kikundi cha akina mama wa huku Temeke programu ya hesabu za akiba na mikopo. Hakudai hata senti. Jambo lililonivutia katika kazi ile ni kwamba majina yote aliyoyatunga mwenyewe yalikuwa ya Kiswahili: hisa, mkopo, riba, leta_orodha. Hata alipohitaji maneno ya kuonyesha kuwa jambo ni la kweli au si la kweli, aliandika kweli na uongo.

Rafiki yangu alifariki mwaka 2016, nami nikarithi ulezi wa programu ile bila kuombwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mwaka 2019 kompyuta kuukuu ya kikundi ilikufa. Tukanunua nyingine Kariakoo, iliyotumika lakini ya aina mpya zaidi, nikaketi na kuipitisha programu katika kompaila upya. Mweka hazina wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikaa kando yangu kwenye kigoda akitazama. Dirishani zikatokea sentensi mbili za Kiingereza, zote zikiwa maonyo. Onyo si kosa: kompaila hulalamika, kisha huendelea na kazi.

“Inasema nini, kaka?” akaniuliza.

“Hakuna neno,” nikamjibu.

Programu ikafanya kazi miaka minne. Halafu vikundi jirani vikajiunga na kile cha kwanza, wanachama wakapita elfu moja, na ilipofika Desemba 2023, wakati wa kutoa hesabu ya mwaka, orodha kuu ikakataa kutoka. Orodha ya kila kikundi peke yake ilitoka vizuri. Ile ya wote kwa pamoja, yenye jumla ya fedha zote, haikutoka: programu ilizimika kabla ya kuandika hata jina la kwanza. Tukasingizia umeme, maana majira yale yalikuwa ya mgao. Tukasingizia virusi. Wanachama wao hawakusingizia umeme. Walisema mbona orodha ndogo ndogo zinatoka, ila ile inayoonyesha jumla ndiyo iliyopata maradhi? Kufikia Februari mweka hazina alikuwa amekabidhi funguo na daftari, akakaa nyumbani kwake akisubiri. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake, lakini alikuwa akipita njia nyingine kwenda sokoni.

Aprili 2024 binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, akaniambia, “Mzee, mashine yako imezeeka, nikuwekee mfumo mpya.” Akaupakua usiku kwa bando lake la data. Ulikuwa mkusanyo wa Linux uitwao Fedora, toleo la 40, lililotoka mwezi huo huo likiwa na GCC 14 ndani yake. Tukaweka programu ya marehemu mbele ya kompaila mpya. Haikuonya safari hii. Ilikataa. Ikataja jina la faili, ikataja namba ya mstari, ikachora kishale chini ya neno leta_orodha, ikasema kwamba kazi yenye jina hilo imeitwa bila kutangazwa. Kisha ikasimama.

Hapana budi nieleze kidogo, kwa sababu uhakiki wangu wote unakaa juu ya jambo hili dogo. Katika C ya zamani ungeweza kuiita kazi iliyoandikwa katika faili jingine bila kumwambia kompaila kwamba itarudisha kitu gani. Kompaila ilijikisia yenyewe kwamba itarudisha namba nzima ya kawaida. Programu ya marehemu ilipaswa kurudisha kitu kingine kabisa, yaani anwani ya mahali orodha ilipohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika kompyuta ya 2003 namba ya kawaida na anwani vilikuwa na upana uleule, biti 32, kwa hiyo kukisia vibaya hakukumdhuru mtu. Katika mashine tuliyonunua 2019 anwani ina biti 64 ilhali namba ya kawaida imebaki na 32. Ni sawa na kumwandikia mtu barua, karani akanakili nusu tu ya namba ya sanduku la posta. Orodha ikiwa ndogo, kumbukumbu yake ilikaa mahali penye anwani fupi, na nusu iliyokatwa ilikuwa sifuri tupu. Orodha ilipokuwa kubwa, ilipelekwa mahali pa mbali penye anwani ndefu. Programu ikaenda kubisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo, ikafa.

Mtindo huo wa kukisia ulikwisha kufutwa katika kanuni za lugha ya C mwaka 1999. GCC haikuthubutu kuutekeleza ufutaji huo. Iliendelea kuonya tu, kwa kuogopa kuvunja kazi za watu, hadi toleo la 14, lililotangazwa rasmi tarehe 7 Mei 2024. Miaka ishirini na mitano ya kukohoa mlangoni! Nimesoma malalamiko ya watu kwamba toleo hili ni kali, kwamba limevunja programu zilizokuwa zikienda vizuri. Nami nasema kosa lake ni kuchelewa. Lingekuwa kali mwaka 2019, mama yule asingepita njia ya nyuma kwenda sokoni. Najua kuwa nahamishia lawama zangu kwa mashine. Onyo nililiona kwa macho yangu, nikalidharau. Lakini chombo kizuri ni kile kinachojua udhaifu wa mtu anayekishika, na kila aliyewahi kuandika programu anajua kwamba maonyo yakizoeleka huwa kama kelele za majirani.

Tarehe 12 Mei, siku chache baada ya tangazo lile, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Binti alizoea kuuliza kila jambo mtandaoni. Safari hii hapakuwa na wa kumwuliza. Nikamwonyesha kwamba kwa kuandika neno man, kisha gcc, mwongozo mzima unafunguka humo humo katika mashine, bila waya wala bando. Alishangaa kidogo kuona kitabu kizima kimekaa siku zote chini ya kidole chake. Katika hili sina ila kusifu. Vyombo vya amri vilitengenezwa na watu waliochukulia kwamba msomaji yuko peke yake, na sisi wa huku pembezoni mara nyingi tuko peke yetu.

Akaukuta humo ufunguo uitwao -fpermissive, unaoirudisha kompaila kwenye tabia ya zamani: makosa yale yanageuka tena kuwa maonyo. “Mzee, kuna njia ya kuinyamazisha,” akasema kwa furaha. Nilikaribia kukubali. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, sina la zaidi ya kusema ndiyo, tumalize, giza linaingia. Kilichonizuia ni kile kishale chini ya leta_orodha. Ndilo neno pekee la Kiswahili lililokuwa katika dirisha zima, nikawa naliona kama marehemu ananyooshea kidole. Tukafungua mafaili yote mawili, tukasoma hadi tukaelewa, tukaongeza mstari mmoja wa kuitangaza kazi ile. Mstari mmoja! Orodha kuu ikatoka, jina baada ya jina, zaidi ya elfu moja, na jumla mwisho. Ililingana na daftari la mweka hazina.

Nisijisifu upesi. Mstari ule niliuandika kivivu: nilitangaza jina la kazi na mabano matupu, bila kusema inapokea nini. GCC 15 iliyotoka Aprili 2025 inafuata kanuni mpya za C za mwaka 2023 bila kuombwa, na katika kanuni hizo mabano matupu maana yake ni kwamba kazi haipokei kitu chochote. Binti alipoweka toleo hilo, programu ikakataliwa tena, na kishale kikaelekezwa mahali palepale, safari hii kutokana na uvivu wangu mwenyewe. Alicheka mpaka akaketi chini. Pamoja na hayo, toleo la 15 limegeuza bool, true na false kuwa maneno ya lugha yenyewe, na programu nyingi duniani zimevunjika kwa kuwa waandishi wake walikwisha kujitungia maneno hayo hayo. Ya marehemu haikuguswa: yeye aliandika kweli na uongo.

Je, ukali huu mfululizo ni haki? La 14 nalitetea bila kusita. La 15 nalitetea nusu nusu. Kubadili maana ya mabano matupu kumesafisha lugha, sikatai, ila kumewapa kazi watu ambao programu zao hazikuwa na hatari yoyote. Kinachoniridhisha ni kwamba mlango wa zamani umeachwa wazi: ukiandika -std=gnu17 katika mstari wako wa amri, kompaila inazirudia kanuni za kabla. Asiye na muda leo anaruhusiwa kutengeneza kesho. Wauzaji wa programu za fedha hawatupi ruhusa kama hiyo.

Neno hili “fedha” linanileta kwenye jambo ambalo Waingereza hulizungukia sana na Waswahili hatuna sababu ya kulizungukia. Wao wana neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa, kwa hiyo Stallman amekuwa akieleza miaka nenda miaka rudi kwamba anamaanisha la pili. Sisi tuna bure na tuna huru, na tunajua vizuri kwamba mtu bure si mtu huru. Mfano mzuri ni Git, chombo kingine cha amri kinachotunza kumbukumbu za kila badiliko katika maandishi ya programu. Kuanzia mwaka 2002 waandishi wa Linux walitumia kwa shughuli hiyo programu iitwayo BitKeeper, iliyotolewa kwao bila malipo lakini ikabaki mali ya mwenyewe. Mwaka 2005 mwenyewe akaondoa ruhusa ile. Linus Torvalds akaketi akaandika Git, na mwezi Aprili mwaka huo huo ikaanza kutumika. BitKeeper ilikuwa bure. Git ni huru.

Nampenda Git kwa sababu historia yote ya kazi inakaa kwenye mashine yako; Mei ile ya nyaya kukatika tuliendelea kuweka kumbukumbu kama kawaida. Lakini kwa amri zake sina huruma. Amri ya checkout ilikuwa ikifanya kazi mbili zisizo na udugu: kuhamia tawi jingine la kazi, na kufuta mabadiliko ya faili. Anayeanza hukosea, na kukosea kwenyewe kunampotezea kazi ya siku nzima. Toleo la 2.23 la Agosti 2019 lilileta amri mbili mpya, switch na restore, kila moja na kazi yake. Dawa imepatikana, lakini chupa ikabandikwa karatasi ya kusema kwamba hii bado ni majaribio, na karatasi ile ikakaa mpaka toleo la 2.51 la Agosti 2025. Kwa miaka sita walimu wakaogopa kufundisha kilicho bora kwa kuwa wenye chombo hawakukiamini. Uoga huu na ule wa GCC naona ni ndugu.

Na “bure” yenyewe, huku kwetu, si bure. Mkusanyo mzima wa Fedora ni gigabaiti kadhaa, na kila gigabaiti ina bei kwa mwenye simu. Mpaka mwaka 2011 kampuni ya Ubuntu ilikuwa ikituma sahani za CD kwa posta hadi mlangoni kwa yeyote aliyeomba, pasipo malipo yoyote. Walipoacha walidhani, nafikiri, kwamba dunia nzima imekwisha kupata waya. Siku hizi binti huleta matoleo mapya kwenye flashi na kuyagawa mtaani, mtu kwa mtu, na leseni inamruhusu.

Lawama yangu kubwa nimeiweka mwisho. GCC inaweza kukukaripia kwa Kiswidi, Kifini, Kivietinamu na Kiindonesia. Kwa Kiswahili haiwezi. Nyenzo zipo tangu miaka ya 1990: kifaa cha GNU kiitwacho gettext hutenga sentensi zote za programu katika faili moja ili watu wa lugha yoyote watie zao. Wala hatukukosa watu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Ila iliishia sebuleni. Jikoni, mahali programu zinapopikwa, tumebaki na Kiingereza, kana kwamba tumekubali kwamba Mswahili ataandika barua kwa kompyuta lakini hatatengeneza kompyuta iandike.

Mimi na binti tumeanza, kwa sentensi chache tu, zile zinazowatatiza wanaoanza. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani. Gettext inajua umoja na wingi, hata kwa lugha zenye wingi wa aina mbili tatu, lakini haijui ngeli. Kiingereza kina sentensi moja yenye nafasi wazi, na lolote litakalotiwa hapo linaingia. Kwetu faili halijapatikana, kigezo hakijapatikana, kazi haijapatikana, na mtafsiri hajui nafasi ile itajazwa na nini. Tunabishana. Yeye anapenda sentensi fupi zinazoanza na neno “Kosa” na nukta mbili, mimi naona hiyo ni kukwepa. Karatasi zimejaa mezani zikiwa na mistari iliyofutwa.

Juzi mweka hazina, ambaye kikundi kilimrudishia daftari lake Juni 2024, alipita kuchukua chapa ya orodha. Wakati mashine inachapa akaokota karatasi moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti: “Kazi ‘leta_orodha’ imeitwa hapa, lakini haijatangazwa popote.”

Akanitazama. “Hili ndilo lile ililosema siku ile nimekaa kwenye kigoda?”

“Ndilo.”

“Kumbe ni hilo tu,” akasema, akairudisha karatasi mahali pake.